Daftari la Joto

Ezéchiel Kapenda alikuwa na mambo mawili aliyoyaona ya lazima duniani: boila ipimwe joto lake kila zamu, na mtu asitoke kazini akiwa bado na kazi mwilini. La kwanza alilitoa Likasi, kwao Kongo, kwenye kiwanda cha shaba, alikokaa mbele ya boila miaka kumi na minne mpaka kiwanda kikafunga milango. La pili alizaliwa nalo. Mtu wa kwao anaweza kusugua vyoo mchana kutwa, lakini ikifika saa ya kutoka ataoga, atavaa shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na kwenye teksi ya kurudi mtaani La Rochelle aliyekaa naye atadhani amekaa na karani wa benki. Wenyeji wa Johannesburg waliwacheka Wakongomani kwa hilo. Ezéchiel aliwaacha wacheke.

Mwaka 2017 alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, fundi mtunzaji wa jengo la ofisi la ghorofa kumi na mbili huko Braamfontein. Cheo hicho ni kikubwa kuliko kazi yenyewe. Alibadilisha taa, alizibua masinki, alipandisha na kushusha viyoyozi kwa ajili ya watu wanaokaa meza moja na hawakubaliani kama kuna joto au baridi. Lakini chini kabisa, nyuma ya maegesho ya magari, kulikuwa na chumba chenye boila ya gesi na tangi la maji la lita elfu mbili, na mle ndani hakuna aliyemfundisha lolote.

Ubavuni mwa chumba hicho kulikuwa na mabafu manne. Yalijengwa na kampuni ya bima iliyowahi kupanga jengo zima, baada ya mkurugenzi wake kusikia kwamba wakubwa wa Ulaya huenda kazini kwa baiskeli. Wakubwa wa hapa walipanda baiskeli wiki moja, wakapigwa picha, wakarudi kwenye magari yao. Baadaye kampuni ikahama, mabafu yakabaki na vigae vyake vyeupe, na ufunguo ukabaki kwa Ezéchiel.

Alianza kuoga mwenyewe, mwaka 2014. Akafuata mkewe Victorine, msimamizi wa wafagiaji wa jengo hilohilo. Wakafuata wafagiaji, kisha walinzi, hadi wakatimia watu ishirini na sita. Wote walikuwa wapangaji wa vyumba, wengine La Rochelle, wengine Hillbrow. Nyumba waliyokaa Ezéchiel na Victorine ilikuwa imekatwakatwa vyumba tisa kwa bafu moja, na hita yake ya maji ilikufa kabla wao hawajahamia. Mita ya umeme ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na karatasi iliyobandikwa mlangoni ilikataza mtu kuchemsha maji ya kuoga. Julai, mwezi wa baridi kali kwa kuwa mji ule uko kwenye uwanda wa juu, ndoo ya maji iliyoachwa uani huamka na utando wa barafu.

Hakuna aliyemruhusu kufungua mabafu yale. Hakuna aliyemkataza pia, na Ezéchiel alijidanganya kwamba hiyo ni nusu ya ruhusa.

Watu ishirini na sita wakioga ovyo, wa kumi atapata maji ya vuguvugu na wa mwisho atatoka anatetemeka. Kwa hiyo aliweka zamu, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu. Watu wanne kwa mkupuo, dakika saba kila mtu, kisha mapumziko ili boila ivute pumzi. Yote aliyaandika kwenye daftari la jalada gumu: jina, saa, dakika, joto la tangi kabla na joto la tangi baada. Chini ya kila ukurasa aliweka sahihi yake, kama alivyofanya Likasi kila mwisho wa zamu.

"Weye! Hata ku kanisa habaandikake bantu hivi," Victorine alimwambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Ku kanisa hakuna tangi," alijibu, akaendelea kuandika.

Basi mwezi wa sita mwaka 2017, meneja wa jengo, Mama Nkabinde, mwanamke mpole aliyeongea kwa sauti ya chini hata akikasirika, alimwita akamwambia kuna injinia anakuja. Wenye jengo walikuwa hawajasahau umeme ulivyokatikakatika mwaka 2015. Sasa walikuwa wamesikia habari za mtambo wa seli za haidrojeni, ambao ndani yake kuna platini, na platini inachimbwa nchini humohumo, kwa hiyo kila mtu mkutanoni aliupenda mtambo kabla ya kujua unafanya nini. Walitaka uchunguzi: je, mtambo huo unafaa kwa jengo kama lao?

Injinia alikuwa Bushra Mwinjuma, binti wa Tanga aliyekuja Johannesburg kwa masomo ya uzamili akabaki kwenye kampuni ya washauri. Alishuka chumba cha boila na kofia ngumu juu ya ushungi.

"Shikamoo, mzee."

Ezéchiel, ambaye baada ya miaka yote ya kupanga nyumba moja na Watanzania alikuwa bado hajui afanye nini na neno hilo, alisema, "Jambo, mama injinia. Karibu."

Bushra aliguna, akapokea hivyohivyo. Alipoulizwa mtambo unafanya kazi vipi, alieleza bila kujivuna. "Unakula gesi, mzee, lakini hauichomi kama boila yako. Gesi inageuzwa haidrojeni, haidrojeni inakutana na oksijeni, hapo umeme unatoka. Na joto linatoka pia, tena jingi. Umeme si tatizo, jengo litautumia wote. Swali ni joto. Likipata matumizi, mtambo una maana. Likikosa, tunalitupa hewani, na hapo ni bora wabaki walivyo."

"Ile joto inaweza kuchemusha maji?"

"Digrii sitini bila taabu. Ndiyo maana nataka kujua jengo linatumia maji moto kiasi gani, na saa ngapi." Akatoa kisanduku cha kijivu, akakifunga kwa mikanda kwenye bomba linalotoka kwenye tangi. "Hiki kitahesabu kila lita kwa wiki mbili. Mwezi wa saba, wiki ya pili na ya tatu. Wewe usifanye kitu. Acha jengo liishi kama linavyoishi."

Ezéchiel aliogopa. Katika maelezo yote yale alishika jambo moja tu: kile kisanduku kingewaona wakioga. Mtu mwingine angejiuliza kisanduku kinatafuta nini. Yeye alikuwa ameishi ugenini miaka kumi na moja, na humo alijifunza kwamba kinachohesabu watu hakiwatakii mema. Akawakusanya wote karibu na ngazi za maegesho.

"Wiki mbili, hakuna kuoga," alisema.

"Papa Shekinah, ni Julai!" Victorine alimwita kwa jina la binti yao, kama alivyomwita siku zote, lakini safari hii kwa ukali.

"Najua ni Julai."

"Eish, papa," alisema Alexis, mlinzi wa mlango mkubwa, Mrundi mrefu mwenye sauti ya kwaya. "Mimi niko na maombi kila jioni. Nitaingia mbele ya Mungu na jasho ya mlangoni?"

"Mungu atakusamehe. Mama Nkabinde hatakusamehe."

Wakatii. Wiki mbili wanaume kwa wanawake walibadili nguo pembeni ya masinki, wakajipangusa kwa vitambaa vilivyoloweshwa, wakapanda teksi wakiwa wamejikunja. Victorine alishikwa na kikohozi. Mabafu yalikauka hadi yakaanza kutoa harufu ya bomba. Ezéchiel alipima tangi kila alasiri, akaandika sitini na mbili kabla na sitini na mbili baada, na safu ya majina akaiacha wazi. Alijisifu moyoni kwamba amewalinda watu wake, na alijisifu kwa siku zote kumi na nne.

Bushra alirudi akafungua mikanda. Alikuwa na fomu.

"Mzee, wiki hizi mbili zilikuwa za kawaida?"

"Za kawaida."

"Basi nisaidie sahihi hapa."

Alisaini. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuweka sahihi chini ya kipimo cha uongo, na alilijua hilo kabla wino haujakauka. Lakini kesho yake watu walioga, Alexis akaimba nyimbo tatu ndani ya dakika zake saba, na Ezéchiel akaona mambo yamekwisha.

Mwishoni mwa mwezi wa nane aliitwa ghorofa ya tisa, kwenye mkutano wa kusikiliza matokeo, ili awepo kama wenye jengo wangekuwa na swali kuhusu boila. Hawakuwa na swali. Bushra aliwaonyesha ukutani mstari wa matumizi ya maji moto. Ulitambaa chini kabisa, ukiinuka kidogo saa za kuosha vikombe vya chai. Akasema kwa Kiingereza safi kwamba jengo halina mahali pa kupeleka joto, hivyo mtambo wa seli za haidrojeni haufai hapa. Wenye jengo wakasikitika kwa adabu.

Kisha akasema jambo la pili. Kama matumizi ndiyo haya, hata boila iliyopo ni mzigo. Inachemsha lita elfu mbili kwa ajili ya vikombe. Alipendekeza iondolewe pamoja na tangi lake, jikoni ziwekwe hita ndogo za umeme, na yale mabafu yasiyotumika yageuzwe kuwa stoo ya mafaili. Wenye jengo, ambao walikuwa wamekuja kununua kitu wakakikosa, walifurahi kupata angalau kitu cha kung'oa. Wakasema maoni yapokelewe kwa siku tano.

Ezéchiel alimkuta Victorine kwenye ukumbi wa ghorofa ya sita, na ndoo yake ya magurudumu.

"Banatoa boila," alimwambia.

"Banatoa boila? Juu ya nini?"

"Juu hakuna mtu anaoga."

Victorine alicheka. Alicheka mpaka akaushika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, halafu akamwangalia mumewe usoni na kicheko kikakatika.

Siku tatu Ezéchiel hakufanya chochote, akakifanya kwa bidii sana. Alipaka grisi bawaba ambazo hazikulia. Alijua njia zilizokuwepo, nazo zilikuwa mbili tu. Akinyamaza, boila inaondoka, na watu ishirini na sita wanarudi kwenye ndoo zao, safari hii si kwa wiki mbili. Akisema, inajulikana kwamba kwa miaka mitatu amefungua mabafu ya watu kwa ufunguo usio wake, na juu ya hayo amemsainia injinia uongo. Kampuni ya matengenezo iliyomwajiri na kumpeleka kwenye jengo hilo ilikuwa na mafundi wengi wa kuweka mahali pake. Na karatasi zake za ukimbizi, ambazo alizipangia foleni kila baada ya miezi sita, hazikumwezesha kupata kazi nyingine kwa urahisi.

"Nyamaza," Victorine alimwambia nyumbani. "Tutanawa kama bengine. Hatukuzaliwa na bafu."

"Mi ndiye niliwaambia basioge."

"Ulituchunga."

"Nilidanganya kipimo, Mama Shekinah." Akaona haya kulisema, hata mbele ya mkewe, hata chumbani mwao.

Siku ya nne alikwenda kwenye chumba cha mashine za kunakili, ghorofa ya nne, palipokuwa na kisu kirefu cha kukatia karatasi. Alikuwa na madaftari matatu. Aliyafungua nyuzi, akapanga kurasa, akakata ukanda wa kushoto wa kila ukurasa, ule wa majina, na vipande akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Victorine alisimama mlangoni akiangalia kama kuna mtu anakuja.

"Na sahihi yako?" aliuliza. "Iko pale chini, kila ukurasa. Kata na ile."

"Hapana. Kipimo bila sahihi si kipimo."

"Bakikufukuza weye?"

"Itakuwa bamefukuza mtu aliyesaini." Akafunga kurasa kwa uzi, akashuka nazo.

Bushra alikuja baada ya kupigiwa simu, akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akasoma. Alisoma muda mrefu. Julai 2014, Julai 2015, Julai 2016. Saa, dakika, sitini na moja kabla, arobaini na mbili baada.

"Haya uliyaandika lini, mzee?"

"Kila siku."

"Kila siku ya kazi, miaka mitatu?"

"Boila inapimwa kila zamu."

"Ni maji ya nani?"

Akamweleza, bila jina la mtu yeyote ila la kwake. Bushra alikasirika, na ilikuwa haki yake. Ripoti ile ilikuwa na jina lake mbele. Alisema, "Nilikwambia uache jengo liishi kama linavyoishi. Umelifanya lijifiche, halafu ukanisainia."

"Nilisaini. Ile ilikuwa uongo. Hii ndiyo kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, mama injinia."

Bushra akarudi kwenye kurasa. Akatoa simu, akaanza kupiga hesabu: lita za tangi, digrii zilizoshuka, saa zenyewe. Kisha akafungua bili za gesi za jengo alizokuwa nazo kwenye kompyuta na akasonya. Gesi ya Julai hii ilikuwa chini kuliko ya Julai zote, na yeye aliiona tofauti hiyo akaiandikia sababu ya mkato, kwamba baridi haikuwa kali. Sasa alijua ni miili ya nani iliyoibeba baridi ile. Ujazo wa gesi ulilingana na daftari karibu mwezi kwa mwezi.

"Nikiliweka hili kwenye ripoti, watauliza limetoka wapi."

"Sema limetoka kwangu."

"Watakuondoa, mzee wangu."

"Inaweza."

Bushra alikusanya zile kurasa taratibu. Alipofika mlangoni akasema, "Kazini kwetu kuna watu wenye digrii mbili hawaandiki hivi." Ezéchiel alifurahi, na akaona haya kwamba amefurahi.

Ripoti ya pili ilitoka Septemba. Mtambo bado haukufaa. Watu wanaoga kwa muda wa saa mbili na nusu tu kila siku, ilisema, na mtambo wa aina ile unataka joto lake litumike tangu alfajiri mpaka usiku, kama kwenye hoteli au hospitali, si kwenye ofisi zinazolala jioni na mwisho wa wiki. Ezéchiel alimwomba Bushra amsomee sentensi hiyo kwa Kiswahili, mara mbili, na kama fundi wa boila akakubaliana nayo. Lakini chini yake palikuwa na nyingine: matumizi ya maji moto ya wafanyakazi, watu ishirini na sita, yamethibitishwa kwa rekodi ya miaka mitatu, na boila isiondolewe. Mwanasheria wa wenye jengo aliwashauri kwamba mabafu yakiwa halali ni nafuu kuliko yakiwa habari gazetini. Mlango ukapakwa rangi, ukabandikwa kibao.

Barua ya Ezéchiel ilikuja wiki iliyofuata. Haikusema kufukuzwa. Ilisema anahamishwa, kuanzia mwezi wa kumi, kwenye jengo la maduka karibu na Diepsloot, upande wa kaskazini kabisa, kwa sababu ya kutumia mali ya mteja bila idhini. Mama Nkabinde alimpa mkono na kusema kwa sauti yake ya chini kwamba yeye binafsi alikuwa akijua kuhusu mabafu tangu mwaka wa kwanza. Ezéchiel alimshukuru. Alipofika kwenye ngazi alitukana kwa Kifaransa, neno moja, akaendelea kushuka.

Diepsloot ilikuwa teksi mbili kwenda na mbili kurudi. Jengo la maduka halikuwa na boila wala bafu. Alikuwa akibadili shati nyuma ya mapipa, akijipangusa shingo kwa kitambaa, na kwenye teksi alikaa karibu na dirisha ili asimpulizie mtu harufu yake.

Jioni moja ya Novemba Victorine alirudi nyumbani nywele zake zikiwa na maji bado, akinukia sabuni. Alikuta mumewe amefika, amekaa kitandani na nguo za kazi.

"Ile kibao inasema nini?" Ezéchiel aliuliza. Alikuwa hajakiona.

"Wafanyakazi wa jengo hili tu." Aliyatamka haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Kisha akaeleza yaliyobaki. Fundi mpya hapimi. Watu walikuwa wanaingia ovyo, Alexis alipata maji baridi siku tatu mfululizo akanuna. Kwa hiyo yeye Victorine amerudisha zamu. Akatoa mfukoni daftari jipya la jalada gumu, akalifungua mapajani mwa mumewe. Majina yalikuwepo, kushoto, kwa mwandiko wake mkubwa. Saa, dakika. Sitini kabla, arobaini na tatu baada. Chini ya ukurasa palikuwa wazi.

"Nimekuachia mahali ya sahihi," alisema, akampa kalamu.

Ezéchiel aliupitia mstari kwa mstari. Alisahihisha namba moja iliyoandikwa vibaya. Aliitazama ile nafasi ya chini kwa muda, na alitamani kuijaza kuliko alivyotamani kitu kingine chochote mwaka huo. Kisha akamrudishia kalamu.

"Anasaini aliyepima," alisema. "Saini weye."

Victorine akasaini, polepole, akitoa ncha ya ulimi kama mtoto wa shule. Ezéchiel alingoja amalize, akahakikisha tarehe ipo. Halafu akachukua ndoo na taulo, akatoka uani kuoga maji ya bomba.